Kompyuta imelala Tandahimba, mimi niko Mtwara: je, Wi-Fi inaweza kuiamsha?

Swali la msomaji: "Fundi, shikamoo. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba. Msimu wa korosho ukifunguliwa nakuwa Mtwara mjini siku mbili tatu kila wiki kwa mambo ya ghala kuu na benki, na kila nikifika huko nakuta faili ninalolitaka nimeliacha kwenye kompyuta ya ofisi. Nimeweka AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, inafanya kazi vizuri kompyuta ikiwa macho. Ikishalala tu, haipatikani. Nikiiacha iwake usiku kucha, mwenyekiti analalamikia tokeni za LUKU. Kuna kijana kaniambia kompyuta inaweza kuamshwa kwa mtandao, lakini ofisi yetu haina waya. Ruta ya laini ya simu iko chumba cha katibu, na kompyuta yangu, HP ya mezani ya mtumba, iko chumba cha tatu kutoka hapo, inapata mtandao kwa kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB. Kamati haitaki kuta zitobolewe. Je, naweza kuiamsha kwa Wi-Fi nikiwa Mtwara?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua una watu wanakusubiri kwenye mizani. Kwa kidude hicho cha USB, hapana, wala usipoteze siku kujaribu. Kwa ofisi hiyo hiyo, kompyuta hiyo hiyo, na bila kutoboa ukuta hata mmoja, ndiyo, inawezekana. Sharti lake ni kwamba anayesikiliza hewani usiku asiwe kompyuta. Awe mwingine, halafu yeye amwambie kompyuta kwa waya mfupi wa nusu mita.

Kwa nini iwe hivyo? Angalia kompyuta inapolala. Kichakataji kinazimwa, diski inasimama, feni inanyamaza. Kinachoendelea kupata umeme ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ili kazi uliyoiacha wazi isipotee, pamoja na njia moja nyembamba ya umeme ambayo pawasaplai haiikati maadamu waya uko ukutani na swichi ya nyuma iko juu. Kadi ya mtandao wa waya inaishi kwenye njia hiyo. Kompyuta inalala usingizi wa pono, lakini kadi yake inalala mang'amung'amu, sikio moja liko wazi. Siku ukiwa na waya, ilaze kompyuta kisha chungulia nyuma kwenye tundu la kebo ya mtandao. Taa ndogo ya kijani au ya njano ikiendelea kuwaka, sikio liko wazi. Ikizimika, hakuna programu duniani itakayoiamsha mashine hiyo kwa kebo, na unatakiwa kurudi kwenye mipangilio kabla ya kulaumu mtandao. Taa hiyo imeniokolea saa nyingi kuliko kifaa chochote cha kupimia nilichowahi kununua.

Sikio hilo linasubiri kitu kimoja tu. Mwaka 1995 AMD na Hewlett-Packard walikubaliana muundo wa pakiti, yaani ujumbe mfupi wa mtandao, ambayo kwa Kiingereza inaitwa "magic packet", pakiti ya uchawi, ingawa uchawi wenyewe haumo. Ni baiti 6 zenye thamani ya FF, zikifuatiwa na anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi inayoitwa, ikirudiwa mara 16. Tuseme anwani yako ni 02-4B-7C-11-9E-A0. Basi hewani au kwenye waya inapita FF FF FF FF FF FF, halafu 02 4B 7C 11 9E A0 mara kumi na sita, jumla baiti 102. Ni kama kumwita mtu aliye usingizini kwa jina lake mara kumi na sita mfululizo. Akiitwa jina la jirani, hashtuki. Kadi haifungui ujumbe wala haijui anwani ya IP, maana mwenye kujua hayo ni Windows, na Windows imelala. Ndiyo sababu pakiti hiyo hutangazwa kwa mtandao mzima badala ya kupelekwa kwa mashine moja. Anwani ya kutangazia ndiyo ile inayoishia na 255, kwa mfano 192.168.8.255, na mara nyingi inapita mlango wa UDP namba 9 au 7.

Sasa Wi-Fi. Waya ni bomba. Likishaungwa limeungwa, hata kama upande mmoja umelala. Wi-Fi ni mazungumzo. Ili ruta ikubali kumpelekea mtu chochote, lazima awe ameshajitambulisha, wamepeana funguo za siri, na aendelee kuonyesha kwamba yupo. Akinyamaza muda mrefu, ruta inamfuta kwenye orodha yake. Katika hali ya kawaida kazi hiyo ya kujitambulisha na kutunza funguo inafanywa na mfumo wa kompyuta pamoja na kadi. Mfumo ukilala, kadi inabaki peke yake, na ni lazima iwe na akili ya kutosha kuendeleza mazungumzo bila mwenyeji wake.

Kadi zenye akili hiyo zipo, hasa zile za ndani ya kompyuta mpakato, na teknolojia yake inaitwa WoWLAN. Nakueleza ugonjwa wake mmoja kwa sababu wasomaji wengi wenye laptop wananiuliza swali linalofanana na lako. Mtu analaza laptop, anatuma pakiti baada ya dakika tano, laptop inaamka, anafurahi na kuwaita wenzake waone. Asubuhi yake anatuma tena, kimya. Anadhani ameharibu kitu. Hajaharibu chochote. Matangazo ya mtandao mzima kwenye Wi-Fi yanafungwa kwa ufunguo wa kundi, ambao ruta huubadilisha kila baada ya muda, na ziko ruta zinazoubadilisha kila saa moja. Kadi inayojua kupokea ufunguo mpya ikiwa usingizini inaendelea kusikia. Isiyojua inabaki na ufunguo wa jana, na pakiti yako inapita karibu yake kama maneno ya lugha ngeni. Kwa hiyo usipime WoWLAN kwa dakika tano. Pima kwa saa mbili, kisha pima kwa usiku mzima. Kwenye Windows hakikisha pia ile hali ya kubahatisha anwani ya MAC kwa kila mtandao imezimwa, la sivyo utakuwa unaita jina ambalo mwenyewe ameshalibadilisha. Na laptop ikizimwa kabisa, isahau. Kadi iliyozimwa haina funguo wala haiko kwenye orodha ya ruta yoyote.

Wenye laptop mpya wana mtihani mwingine. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /a. Ukiona imetajwa S3, huo ndio usingizi wa zamani ninaouzungumzia hapa. Ukiona S0 ya nguvu ndogo, mashine hiyo hailali kwa mtindo huo, inasinzia kama simu, na ikiwa kwenye betri inaweza kujikata mtandaoni kabisa. Wewe una HP ya mezani ya mtumba, na kwa jambo hili mtumba una faida. Mashine za ofisi za miaka ile zilitengenezwa zikitarajiwa kuamshwa na watu wa IT usiku, na nyingi zina S3 safi.

Kidude chako cha USB hakimo katika hesabu zote hizi. Kompyuta ikilala, tundu la USB ama linakatwa umeme, ama linabakishiwa umeme kidogo wa kuamshwa kwa kibodi na mausi. Hata umeme ukibaki, vidude vya bei ya kawaida havina akili ya kutunza mazungumzo na ruta vikiwa peke yao. Unaweza kukutana na mtu akaapa kwamba chake kinaweza. Sibishani naye, ila mimi kwa pesa ya ushirika sijengi juu ya bahati.

Basi tufanye hivi. Nunua kiongeza mawimbi cha Wi-Fi chenye tundu la kebo ya mtandao, au ruta ndogo inayoweza kuwekwa katika hali ya kuwa mteja wa ruta nyingine. Kiweke mezani pako, kiunge na Wi-Fi ya chumba cha katibu, kisha toa kebo fupi kutoka kwenye kile kifaa mpaka nyuma ya kompyuta. Chomoa kidude cha USB ukihifadhi kwenye droo. Sasa mwenye kuzungumza na ruta usiku kucha ni kifaa kisicholala, na kompyuta inasikiliza kwa kadi yake ya waya, sikio ambalo limetengenezwa kwa kazi hiyo. Hakuna tundu jipya ukutani.

Hapo pana mtego ambao umewanasa hata mafundi. Vifaa hivyo vina hali kadhaa za kufanyia kazi, na mojawapo, WISP, inatengeneza mtandao wake mdogo nyuma yake. Intaneti inapatikana vizuri tu, kwa hiyo hakuna anayeshtuka, lakini tangazo lililotolewa chumba cha katibu linaishia mlangoni pake, halivuki. Kupima ni rahisi. Tazama anwani ya IP ya simu yako ikiwa kwenye Wi-Fi ya katibu, kisha tazama ya kompyuta. Simu ikiwa 192.168.8.20 na kompyuta ikiwa 192.168.8.31, mko nyumba moja. Kompyuta ikiwa 192.168.0.100, mko nyumba mbili, rudi ubadilishe hali ya kifaa. Na kwa kuwa kifaa cha namna hii mara nyingi kinazungumza na ruta kwa jina lake mwenyewe badala ya jina la kompyuta, pakiti itume kwa anwani ya kutangazia, ile ya 255. Ukiielekeza kwa IP ya kompyuta iliyolala inaweza kupotea njiani.

Upande wa kompyuta, iwashe ukibonyeza F10 uingie BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijapanda. Majina yanatofautiana kati ya toleo na toleo, lakini unachotafuta ni kuamshwa na mtandao kuwe kumeruhusiwa, na "S5 Maximum Power Savings" iwe imezimwa, kwa sababu hiyo ndiyo inayolikata sikio umeme mashine ikizimwa. Ukikuta "Remote Wakeup Boot Source", chagua diski ya ndani, usiache kwenye seva, au siku moja kompyuta itaamka ikiwa imezimwa ianze kutafuta seva ambayo ushirika wenu hauna. Ukiwa humo humo, tafuta "After Power Loss" na uweke "On". Nitakwambia sababu.

Ndani ya Windows, nenda kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), fungua kadi ya mtandao wa waya, ukurasa wa umeme. Tia alama kwenye ruhusa ya kuamsha kompyuta, na utie alama pia kwenye ile inayosema "Only allow a magic packet to wake the computer". Hii ya pili watu wanaiacha, kisha wanashangaa kompyuta inaamka saa nane usiku bila kuitwa. Mtandao una kelele nyingi, na bila sharti hilo kadi inaweza kuamka kwa sababu simu ya mlinzi imeuliza kitu. Ikikuamkia ovyo, andika powercfg /lastwake, itakutajia aliyeiamsha.

Anwani ya MAC ichukue kwa ipconfig /all, na uichukue ya kadi ya waya. Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kukaa ofisi moja Lindi jioni nzima nikituma pakiti kwa mashine ambayo taa yake ilikuwa inawaka vizuri nyuma, mipangilio yote sawa, na haishtuki. Mwenye ofisi alikuwa ameshaanza kunitazama kwa jicho la huruma. Nilikuwa nimenakili anwani ya Bluetooth. Kwenye orodha ile kila kadi ina anwani yake, na zote zinafanana kwa macho yaliyochoka.

Halafu kuna dakika mbili. Huu ni ugonjwa wa Windows, si wa mtandao. Kompyuta ikiamshwa bila mtu kugusa kibodi, Windows inadhani imeamshwa kwa kazi ndogo, na kwa kawaida inarudi kulala baada ya dakika mbili. Wewe Mtwara unatuma pakiti, unafungua AnyDesk taratibu kwa mtandao wa simu, unaandika nenosiri, na ukifika mlango umeshafungwa. Wengi wanahitimisha kwamba pakiti haikufika, kumbe ilifika na mwenyeji amesharudi kitandani. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi uandike

powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_sleep unattendsleep 1800

kisha

powercfg /setactive scheme_current

Hiyo 1800 ni sekunde, yaani nusu saa. AnyDesk nayo iwe imesakinishwa kabisa kwenye mashine na kuwekewa nenosiri la kuingia bila mtu, si ile ya kufungua faili moja na kuendesha. Isiposakinishwa, skrini ya kufunga ya Windows itakuzuia hata kompyuta ikiwa macho.

Nirudi kwenye umeme, maana hapa ndipo maelekezo mengi ya mtandaoni yanapotuacha solemba sisi wa kusini. Yanaandikwa na watu ambao umeme kwao haukatiki. Kompyuta iliyolala ikikatiwa umeme haijalala tena, imezimika. Kilichokuwa kwenye RAM kimekwenda, kwa hiyo hifadhi faili zako kabla ya kuondoka. Umeme ukirudi, mashine nyingi hazirudishi sikio mpaka ziwake mara moja na Windows iiambie kadi isikilize. Ndiyo maana ya ile "After Power Loss". Umeme unarudi, kompyuta inawaka yenyewe, Windows inapanda, inakaa kimya dakika ulizoipangia kabla ya kulala, tuseme ishirini, kisha inalala ikiwa imeshaacha sikio wazi. Mzunguko unajifunga bila mtu. Ila usiiunganishe moja kwa moja ukutani. Umeme unaporudi huja kwa kishindo, na unaweza kurudi na kukatika mara tatu ndani ya dakika moja. Tumia kifaa cha ulinzi kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, kama kile cha friji. Ruta na kiongeza mawimbi viwekee zile UPS ndogo za ruta ikiwa volti zinalingana, vikae hai umeme ukikatika kwa muda mfupi.

Kuhusu mwenyekiti na LUKU, mpelekee hesabu. Kompyuta ya mezani ikiwa macho bila kazi, tuseme inakula wati 50. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi ni saa 14, sawa na uniti 0.7 kwa usiku, uniti 21 kwa mwezi. Ikilala inakula wati 2 au 3, na mwezi mzima wa usiku huo haufiki uniti moja na nusu. Kiongeza mawimbi kikila wati 4 saa zote 24, ni karibu uniti 3 kwa mwezi. Zidisha kwa bei yenu ya uniti, muoneshe tofauti, atatulia.

Bado tuko ndani ya ofisi. Wewe uko Mtwara, na tangazo la mtandao wa ndani halisafiri kwenye intaneti. Utasoma mahali kwamba ufungue mlango kwenye ruta (port forwarding) ili pakiti ya nje iingie. Kwa ruta ya laini ya simu, kwa kawaida haisaidii, kwa sababu kampuni ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ingia kwenye ukurasa wa ruta utazame anwani iliyopewa na mtandao. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huna mlango wako wa barabarani, una chumba ndani ya nyumba ya kupanga, na mgeni wako hawezi kubisha hodi moja kwa moja.

Kwa hiyo unahitaji mtu wa ndani, yaani kifaa kilicho macho ndani ya mtandao ule ambacho wewe unaweza kukifikia, nacho kikatangaza pakiti. Ukiwa unahitaji faili mchana tu, saa za kazi, unaye tayari: kompyuta ya katibu. AnyDesk ina njia ya kuamsha mashine kupitia mashine nyingine yenye AnyDesk iliyo macho kwenye mtandao huo huo. Washa kipengele hicho kwenye mipangilio ya kompyuta yako, ujaribu mkiwa wote ofisini.

Ukihitaji usiku na Jumapili, weka Raspberry Pi karibu na ruta. Ni kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi, inakula wati chache. Inawekewa Tailscale, programu inayotengeneza njia ya siri kati ya vifaa vyako, na inafanya kazi hata nyuma ya ile anwani ya kupanga kwa sababu pande zote mbili ndizo zinazotoka nje kutafutana. Halafu inawekewa programu iitwayo wakeonlan. Ukiwa Shangani au stendi huko Mtwara unaingia kwenye Pi kwa simu, unaandika wakeonlan 02:4B:7C:11:9E:A0, unasubiri sekunde kumi na tano, unafungua AnyDesk. Kijana yeyote aliyesoma mitandao ataipanga kwa nusu siku. Wako wanaotumia simu ya zamani ya Android kwa kazi hiyo, na wazo ni zuri kwa sababu simu ina betri yake. Lakini Android ina tabia ya kuua programu zinazokaa nyuma muda mrefu, na betri inayochajiwa mwaka mzima kwenye chumba cha joto huvimba. Nimeshaiona moja imeinua kioo chake kama andazi. Sipendi kuiacha usiku kwenye jengo lenye magunia.

Usifungue mlango wowote wa ruta kwa ajili ya mambo haya hata kama siku moja mtapata anwani yenu ya nje. Pakiti ya kuamsha haina siri, yeyote aliye ndani ya mtandao anaweza kuituma, na mbaya atakachofanya ni kuiamsha kompyuta. Cha kulinda ni AnyDesk. Ndani ya mashine hiyo kuna majina ya wakulima, kilo zao na akaunti zao za benki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nyinyi kama inavyoyahusu mabenki. Nenosiri lisiwe jina la kijiji na mwaka.

Kabla hujatoa hela ya Pi, hebu jiulize swali moja. Unajua saa unayolihitaji hilo faili? Kama kila ukiwa Mtwara unafungua hesabu saa mbili usiku, mtandao hauhitajiki kuiamsha kompyuta. Kipanga kazi cha Windows kinaweza kuiamsha saa mbili kasoro dakika tano kila siku, kwa saa iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Weka kazi yoyote ndogo, tia alama kwenye ruhusa ya kuiamsha kompyuta ili kazi iendeshwe, na kwenye mipangilio ya umeme ruhusu saa za kuamsha. Ile nusu saa ya unattendsleep itakupa muda wa kuingia. Ila kwa njia hii pia rudi kwenye kebo, kwa sababu vile vidude vya USB mara nyingine vinachelewa kuungana baada ya usingizi. Mimi ningeanza na hili kwa wiki mbili, halafu nione kama bado nahitaji zaidi.

Jambo la mwisho ni la kwenu hasa. Kama chumba chako kinapakana na stoo ya salfa ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, viunganishi vya shaba havitadumu. Sisi wa pwani vifaa vyetu vinaliwa na chumvi, nyinyi wa juu ya uwanda vyenu vinaliwa na salfa. Chomoa kebo kila mwezi utazame vile vidole vidogo vya kwenye kichwa chake. Vikianza kuwa vyeusi, badilisha kichwa, na kifaa kikae mbali na mlango wa stoo. Siku pakiti itakapogoma na wewe uko Mtwara, mpigie katibu kabla hujanipigia mimi. Mwambie aende nyuma ya kompyuta akutazamie ile taa, halafu acheze na kebo kidogo aone kama inarudi.